Waliomsindikiza Mpaka Garini

Wapendwa, kaeni. Kaeni vizuri, na yule ndugu wa benchi la nyuma anayetazama saa nimemwona. Mpira unaanza saa tisa, nami nitakuwa nimemaliza zamani. Leo sina ukali. Nataka niwasimulie habari ya mtu mmoja, na mwishoni nitauliza swali, kila mmoja ajibu moyoni mwake.

Kulikuwa na bwana mmoja, mtu wa Makete, kule juu milimani kwetu, ambako asubuhi za mwezi wa saba unafungua mlango unakuta majani yamefunikwa barafu. Jina lake silitaji. Nawajua ninyi, nikilitaja tu, kabla sijafika kwenye amina simu zitakuwa zimeanza kuita. Bwana huyu alipata viza ya bahati nasibu akaja huku Marekani, akafikia katika mji ambao si huu wetu, ingawa theluji yake ni hii hii na mabasi yake yanachelewa vilevile. Akapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kazi hiyo mnaijua, nusu yenu mliokaa hapa mmetoka kazini saa moja asubuhi ndiyo maana mnapiga miayo. Unamwamsha bibi wa watu, unamwogesha, unampaka mafuta miguuni, unamvalisha soksi, unamlisha uji kijiko kwa kijiko huku unamwambia mambo matamu asigome kula.

Sasa, kila alipopaka mafuta miguu ya wale bibi, yeye alikuwa anawaza miguu mingine. Alikuwa anawaza miguu ya mama yake, yenye nyufa za kutembea shambani kwenye viazi na baridi, miguu ambayo hakuna mtu wa kuipaka chochote. Mama huyo alikuwa mjane, umri miaka sabini wakati mwanawe anaondoka, na mtoto alikuwa huyo huyo mmoja. Siku ya kuagana walisimama mlangoni, kijana akamshika mikono akamwambia, "Mama, nikipata uraia tu, nakuja kukuchukua." Na mama akamjibu, "Nitakungoja."

Nieleze kidogo kwa wageni wetu. Kwa sheria za huku, ukiwa na kadi ya ukaazi unaweza kumwombea mkeo na wanao, lakini mzazi huwezi. Ukitaka kumwombea mama yako aje kuishi nawe, lazima wewe mwenyewe uwe raia kwanza. Na kabla ya kuomba uraia, mtu wa namna yake alitakiwa atimize kama miaka mitano, tena awe na mwenendo mwema. Basi bwana yule akaanza kuhesabu.

Kila Jumamosi alikuwa anapiga simu nyumbani, na mama swali lake lilikuwa moja.

"Ile karatasi yako imefika wapi?"

"Bado miaka mitatu, mama."

"Haya. Sweta langu liko msumarini."

Maana mama yule alikuwa amenunua sweta la safari mnadani, zito, la rangi ya bluu, akalitundika kwenye msumari karibu na mlango, na hakulivaa hata siku moja. Alisema hilo ni la kupandia ndege. Mwanawe akamtania, "Lakini mama, huku baridi ni kali, utaiweza?" Mama akacheka mpaka akakohoa. "Unamtisha nani wewe? Mimi ni mtu wa Makete. Baridi na mimi tumekua pamoja."

Na huku kijana naye alikuwa na lake. Alipanga nyumba ya vyumba viwili, na kimoja hakukilala. Alitia kitanda kifupi ili mama asipate shida ya kupanda. Akaweka kiti karibu na dirisha, mahali ambapo mtu anaona watoto wakishuka basi la shule, maana mama yake alipenda kutazama watoto. Akanunua ndala za manyoya, akaziweka chini ya kitanda zikitazama mlango. Wageni wakija kulala aliwatandikia sebuleni. Mtu akimuuliza, "Mbona una chumba kizima hapa?" alijibu, "Kina mwenyewe." Na jioni nyingine, akitoka kazini, alikuwa anasukuma mlango wa chumba kile na kukaa kwenye kile kiti peke yake, akitamani asikie tu mtu akikohoa. Ninyi mlio na mama zenu mbali mnajua ninachosema. Msinifiche, nawaona mnavyoinamisha vichwa.

Miaka ikaenda. Mama akafika sabini na tano. Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa sita, bwana yule akaketi mezani na fomu ya uraia. Akaijaza kwa kalamu ya wino, taratibu, kama mtoto anayeandika mtihani wa darasa la saba. Akafika mahali panapouliza kama umewahi kukamatwa na polisi, mahali popote, kwa kosa lolote. Akatabasamu. Yeye hata kusukumana kwenye foleni alikuwa hajawahi. Akaweka alama yake kwenye "Hapana", alama nene, ya mtu mwenye amani. Akaiacha fomu hapo mezani, akasema nitaipeleka posta Jumatatu, maana kesho ni Jumapili na kuna sherehe.

Sherehe yenyewe ilikuwa kipaimara cha binti wa rafiki yake. Sherehe zetu mnazijua. Ukumbi umekodiwa, kamati imevaa sare, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, amesimama mezani na majani mdomoni, na mshereheshaji ameshika kipaza sauti hataki kukiachia. Watu walikuwa kama mia mbili. Katikati ya chakula, mtu mmoja akamnong'oneza mshereheshaji kwamba yule bwana amemaliza miaka yake, kesho fomu inakwenda. Lo! Mshereheshaji akapaza sauti, "Jamani, jamani! Kumbe tumekaa na Mmarekani mtarajiwa hapa! Mama yake anakuja! Meza zote, tumpongezeni mwenzetu!"

Na sisi pongezi zetu ni zipi? Meza ya wajomba ikamtumia bia mbili. Meza ya majirani ikasema haiwezi kushindwa na wajomba, ikatuma tatu. Wanakwaya wa sauti ya nne nao wakatuma, eti za kulainisha koo. Bwana yule hakuwa mnywaji. Bia yake moja kwa mwezi ilikuwa inamtosha, na ikizidi hiyo aliimwagia nyama jikoni. Akajaribu kukataa. Mzee mmoja wa meza ya wajomba akamkunjia uso, akamwambia, "Kwa hiyo mimi ndiyo unanikataa? Ya wale umekunywa, yangu ndiyo ina sumu?" Basi, akanywa ya mzee. Akishakunywa ya mzee, ya jirani ataikataaje? Akanywa na ya jirani. Kila chupa ilikuja na jina la mama yake juu yake. "Kunywa, hii ya mama! Hii ya kumpokea mama uwanja wa ndege!"

Kuna mtu alimshika pua akammiminia? Hakuna. Sitaki mtu atoke hapa akiniambia mchungaji amemtetea mlevi. Mdomo ulikuwa wake na mkono uliobeba chupa ulikuwa wake. Alisimama kucheza akaangusha kiti, watu wakacheka, wakatoa simu wakampiga picha. Furaha tupu.

Ikafika saa mbili kasoro za jioni, jua bado liko juu, mnajua mwezi wa sita huku jua halina adabu. Bwana yule akaaga, kesho ana zamu ya alfajiri. Na sisi mgeni hatumwachii mlango akatoka kama paka. Tunamsindikiza. Basi wakainuka watu, nusu ya ukumbi, kwaya inaimba, akina mama wanapiga vigelegele, wakamtoa mpaka maegesho ya magari. Mwenye sherehe alikuwa amemshika mkono. Ukitazama kwa mbali ungesema ni heshima, lakini ukweli alikuwa anamshikilia asianguke. Mke wa huyo mwenye sherehe akamvuta mumewe shati kwa nyuma.

"Baba, huyu ataweza kuendesha kweli?"

"Shh! Mtu mzima huyo. Usimwaibishe mbele za watu."

Mama wa watu akaliachia shati.

Bwana yule akaingia garini, akawasha, lakini kurudi nyuma kukamshinda. Je, waliomzunguka walisema shuka? Thubutu. Alijitokeza kijana hodari akasimama nyuma ya gari, akaanza kumwelekeza, "Kata kushoto! Njoo, njoo, njoo, baba, njoo... basi! Sasa nyoosha!" Wengine wakasimamisha magari barabarani ili apite. Na alikuwepo mchungaji wa usharika wao, mtu ambaye siku hiyo hakuwa ameonja hata tone, amekunywa soda yake na maji yake. Mchungaji huyo ndiye aliyekabidhiwa sahani ya pilau, imefunikwa foili vizuri, ya mgeni kwenda nayo nyumbani. Akafungua mlango wa mbele, akaiweka sahani kwenye kiti. Akaona itateleza, pilau litamwagika. Akavuta mkanda wa kiti, akaifunga sahani mkanda. Akagonga paa la gari mara mbili, akasema, "Ukifika utupigie."

Watu wakapunga mikono mpaka gari likapotea kwenye kona.

Hakufika mbali. Zilipita dakika nane hivi, taa za polisi zikawaka nyuma yake. Askari alikuwa kijana mpole. Akamuuliza amekunywa kiasi gani, akajibu, "Kidogo, afande." Wote huwa tunajibu kidogo. Akamwambia ashuke atembee juu ya mstari, mstari ukamkataa. Akapuliza kipimo, kipimo kikasema kila kitu. Wakati anafungwa pingu, askari akachungulia ndani ya gari akaona sahani ya chakula imefungwa mkanda, salama salimini. Akamgeukia akamuuliza, "Na wewe mwenyewe, mbona hukufunga?"

Mnacheka. Chekeni, lakini mshukuruni Mungu kwanza, maana ile barabara ina watoto wenye baiskeli, na jioni ile ingekuwa mtoto wa mtu yuko chini ya magurudumu, hapa tusingekuwa na cha kucheka. Hakumgonga mtu. Hiyo ilikuwa neema, hakuwa na ujanja wowote.

Alirudi nyumbani Jumatatu, kwa miguu, gari limezuiwa. Akafungua mlango, na kitu cha kwanza kukiona kilikuwa ile fomu juu ya meza. Akaitazama ile alama yake nene kwenye "Hapana". Jumamosi ilikuwa kweli, na alipoiweka moyo wake ulikuwa safi. Jumatatu, mkono ni uleule, wino ni uleule, na alama ile imegeuka uongo ikiwa imelala pale pale mezani, hajaigusa. Alikaa chini akalia kwa sauti, mwanaume mzima, mpaka jirani akagonga ukuta.

Akaenda kwa mwanasheria, mama mmoja mwenye miwani, mtu asiyepaka maneno sukari. Akamuuliza, "Mama, uraia wangu ndiyo umekufa?"

Mwanasheria akasema, "Haujakufa. Kosa moja la kuendesha ukiwa umelewa, peke yake, halifungi mlango. Lakini hapo ulipo husogei. Mahakama ikikuweka chini ya uangalizi, ombi lako haliwezi kupitishwa mpaka kipindi hicho kiishe. Ukija kuomba utalitaja kosa hili, hata kesi ikimalizika vizuri. Afisa ataitazama miaka yako yote na kuuliza wewe ni mtu wa namna gani. Na ukirudia mara ya pili, hapo usije kwangu kulia."

Mahakama ikampa mwaka mzima wa uangalizi, na madarasa ya ulevi kila wiki, na leseni ikachukuliwa kwa miezi kadhaa. Akawa anapanda mabasi mawili gizani kwenda kuwaogesha wale bibi. Mtasema, si angesafiri basi akamwone mama, kadi ya ukaazi inaruhusu? Alitaka. Lakini katika masharti ya uangalizi, kutoka nje ya jimbo lile bila ruhusa ilikuwa marufuku, na mwanasheria akamwonya asijaribu hata kuomba kuvuka mpaka wa nchi wakati ule. Kwa hiyo hata njia ndogo aliyokuwa nayo ya kumfikia mama yake ikazibwa. Na uangalizi ulipoisha, mwanasheria akamshauri asiharakishe, akae kwanza bila kuvuka mpaka, apate miaka safi ya kuonyesha.

Rafiki mmoja akamjia na akili zake za mtaani. "Wewe andika hapana, bwana. Kesi si imeisha? Nani atajua?" Bwana yule akatikisa kichwa. "Alama za vidole vyangu wanazo. Halafu nimeshaanza kumdanganya mama. Inanitosha."

Maana hilo ndilo lililokuwa linamla. Mama hakuambiwa. Kila Jumamosi simu ilipigwa, kila Jumamosi mama aliuliza.

"Ile karatasi imefika wapi?"

"Bado kidogo, mama."

Mwaka uliotangulia ilikuwa bado kidogo, na mwaka huo tena bado kidogo. Kisha, wapendwa, ikafika Jumamosi moja mama hakuuliza. Akauliza habari za kazi, akasimulia viazi, akasimulia jirani aliyefiwa na ng'ombe, akaaga. Kijana akadhani amesahau. Jumamosi iliyofuata hakuuliza tena. Ya tatu pia. Mtu anayekungoja akichoka kuuliza utakuja lini, hiyo inauma kuliko kuulizwa kila saa. Bwana yule usingizi ukamruka. Jumamosi ya nne akajikaza, akaketi kwenye kile kiti cha dirishani, akapiga simu.

"Mama, sijakuambia ukweli. Nilikamatwa. Niliendesha gari nimelewa. Ndiyo maana karatasi haiji."

Alisikia kuku wa mama yake wakilia kwa nyuma.

"Ulimuumiza mtu?"

"Hapana, mama."

"Basi Mungu amenisikia. Ulikuwa unakunywa peke yako?"

"Hapana. Ilikuwa kipaimara cha mtoto wa rafiki yangu."

"Mlikuwa wangapi hapo?"

Swali hilo hakulitegemea. Akafikiri. "Kama watu mia mbili, mama. Walinisindikiza mpaka kwenye gari."

Mama akasema polepole, "Watu mia mbili. Na mtu hakuwepo?"

Swali hilo hata mimi sina jibu lake. Mama akaendelea, "Na wa mwisho kukuona alikuwa nani?"

"Mchungaji. Yeye alinibebea sahani ya pilau. Aliifunga mkanda isimwagike."

"Aha," mama akasema. "Basi ukimwona umsalimie. Mwambie namshukuru alikubebea chakula."

Zikapita siku. Miaka miwili na nusu tangu ile sherehe, mwanasheria akasema sasa tuombe, lakini tafuta barua, watu wanaokufahamu waandike kuhusu mwenendo wako. Bwana yule akaenda kwa nani? Akaenda kwa mchungaji. Akapokelewa vizuri, akapewa chai. Mchungaji akatoa karatasi nzuri yenye nembo ya usharika, akavaa miwani, akaanza. "Kwa yeyote anayehusika. Ninamfahamu ndugu huyu kwa miaka mingi. Ni mtu wa bidii, mnyenyekevu, anawatunza wazee kwa upendo." Yote ni kweli, kalamu inakimbia. Akafika kwenye sentensi ya kosa. Akaandika, "Siku moja alifanya kosa, kwa kukosa busara..."

Bwana yule, ambaye alikuwa anapuliza chai yake hana hili wala lile, akasema, "Mchungaji, nilikuwa nimesahau. Mama anakusalimu sana. Anasema anakushukuru siku ile ulinibebea chakula."

Kalamu ikasimama.

Sasa naomba nifike kwenye swali langu. Wapendwa, katika habari hii, nani aliyekosa busara? Usiniambie haraka haraka ni mlevi. Mlevi akili alikuwa ameiacha kwenye chupa ya nne, busara angeitoa wapi? Ni mshereheshaji? Ni mzee aliyesema unanikataa mimi? Ni kijana hodari wa njoo njoo njoo? Ni mwenye sherehe aliyemnyamazisha mkewe, wakati mke ndiye alikuwa mtu pekee mwenye macho jioni ile? Fikirini. Mmeshampata? Mimi najua wengi wenu mmeshampata, mnasema moyoni, huyo mchungaji. Mtu mzima, hajalewa, ana leseni mfukoni, ana gari lake limesimama hatua kumi kutoka pale, na akili yake yote ikaishia kwenye pilau. Mnasema, mchungaji gani huyo, huyo si wa kusimama madhabahuni.

Mmesema kweli. Mchungaji huyo ni mimi.

Ndiyo. Kabla sijaletwa kwenu nilikuwa nahudumu katika mji ule. Mkono huu hapa ndio uliofunga sahani mkanda ukamwacha mtu. Nilimwona anayumba. Nilisikia mama wa watu akimwuliza mumewe, nilisikia na jibu. Nikajiambia, mimi ni mgeni rasmi, nikimnyang'anya mtu mzima funguo mbele ya watu nitaharibu sherehe. Nikaogopa kumwaibisha kwa dakika tano, akaaibika kwa miaka. Na salamu zile za mama, mpaka leo sijui kama alizituma kwa uchungu au kwa moyo mweupe kabisa wa mama anayemshukuru kila anayemlisha mwanawe. Nimeziombea, nimezilalia, sijui. Zote mbili zinanichoma.

Ile barua niliichana. Nikaandika nyingine. Niliandika, "Siku ile nilikuwepo. Nilikuwa na akili zangu timamu. Nilimwona hawezi kuendesha, nikamfungulia mlango. Yeye amekiri, ametumikia adhabu yake, na tangu siku ile hajaonja tena. Mimi ndiyo kwanza nakiri leo." Bwana yule akaisoma, akaniambia, "Mchungaji, hii itakuharibia jina." Nikamwambia, basi tugawane.

Ombi lilikwenda. Amehojiwa. Jibu bado. Linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa subiri tena, na hilo mimi siwezi kuwadanganya. Mama sasa ana miaka sabini na minane. Jumamosi iliyopita bwana yule alinipigia, akaniambia mama ameanza tena kuuliza. Anauliza, "Ile karatasi imefika wapi?" Anasema wadudu walitoboa sweta kwenye kiwiko, ametia kiraka kwa uzi mwekundu maana wa bluu haukupatikana, amelirudisha msumarini.

Sasa sisi. Sisi tunapenda kusindikizana, na ni desturi njema, mimi siipingi. Lakini tuulizane, huwa tunamsindikiza mtu mpaka wapi? Tunamsindikiza mpaka kwake, au tunamsindikiza mpaka pale macho yetu yanapokoma, yanayompata baada ya kona yawe yake? Nani kati yetu hana mtu anayemjua sasa hivi, anayumba, si kwa pombe tu, na sisi tumesimama nyuma ya gari tunamwambia njoo, njoo, nyoosha? Tunaita heshima. Mama mmoja wa Makete, ambaye hajapanda hata lifti, ametuuliza swali, na mimi mchungaji wenu nimeshindwa kulijibu. Tulikuwa mia mbili. Mtu hakuwepo?

Jumamosi hii tuna harusi hapa hapa ukumbini, na ninyi kamati nawaona, bia mmeshaagiza, msinitazame hivyo. Sikatazi sherehe. Ila mlangoni sitasimama kushika mikono. Nitasimama na kapu la sadaka. Nitakayemwona hawezi, ataweka humo funguo zake, awe mjomba, awe mzee wa kanisa, awe mwenyekiti wa kamati, na mimi nitampeleka kwake na kumfungulia mlango wake mwenyewe. Mtu akinikasirikia, anikasirikie. Akiniambia nimemvunjia heshima, nitamwambia ndiyo, nimeivunja, kesho asubuhi uje tuiunge, mimi na wewe na mama yako tukiwa hai.

Tusimame tuombe. Na mwenye mama mbali, akitoka hapa, kabla ya mpira, ampigie.